Hans Berger, munganga aliyesikiliza ubongo wa mutu aliyenyamaza



Kila mutu anayeshuka mu shimo anaijua hii woga. Jiwe linaanguka, kaske inapasuka, mwenzetu anatolewa inje. Moyo unapiga, anapumua, lakini ukimwita jina hajibu. Ku lupitalo analala siku, juma, mwezi. Kisha asubuhi moja anafungua macho, lakini hakuangalie. Pale njo maneno inaanza. Wandugu wamoja wanasema anatusikia. Wengine wanasema ni mwili tu, mutu mwenyewe alishaenda. Bibi yake anauliza kama aendelee kumuongelesha ao aache. Na mu biro fulani kuna mwenye kuhesabu kila siku ya kitanda ni franga ngapi.

Sisi wa sendika tumesimama karibu na vitanda vya namna ile. Tumesikia watu wakigawanya vitu vya mgonjwa, kinga yake, redio yake, karibu na masikio yake. Na tunasema bila kujificha: kuna siku tulinyamaza, juu hata sisi tulifikiri hasikie kitu. Leo tunawaandikia maisha ya mutu aliyefungua njia ya kujua kama mwenye kunyamaza ako ndani ao hayuko. Maisha yake iko na mwangaza na iko na giza, na yote mbili inatuangalia sisi.

Hans Berger alizaliwa tarehe 21 Mei 1873 mu kijiji cha Neuses, karibu na mji wa Coburg, mu inchi ya Ujerumani. Baba yake alikuwa munganga. Mama yake alikuwa mtoto wa Friedrich Rückert, mutunga mashairi mwenye jina kubwa kwa Wajerumani. Kijana Hans alipenda nyota na hesabu, akaenda ku chuo kikuu kusomea mambo hayo. Hakukawia. Aliacha masomo, akaingia jeshi kwa mwaka moja, fasi ya askari wa farasi.

Siku moja mu mazoezi, farasi yake ilisimama juu ya miguu ya nyuma, ikamwangusha chini, mbele ya gari lenye kukokota mzinga. Wale kati yetu wanaojua lokomotiva ya chini ya udongo wanaelewa: kitu cha uzito ule hakisimame mbio. Safari ile mwenye kuendesha aliweza kulisimamisha. Ilibakia kidogo tu gurudumu limpite juu. Hans akasimama bila kidonda, akitetemeka.

Jioni ile akapokea telegramu kutoka nyumbani. Baba yake alitaka kujua kama ako muzima. Dada yake Hans, mbali sana na pale, alisumbuka moyo ile siku, akasema ndugu yake ako mu hatari, akamkaza baba atume habari. Mutu anaweza kusema ilitokea tu. Hans hakusema vile. Yeye aliamini kama woga wake ulitoka mu kichwa chake, ukasafiri, ukafika kwa dada. Kutoka pale swali moja halikumwacha tena: mawazo ya mutu ni nguvu ya namna gani, na inaweza kupimwa?

Juu ya swali lile alibadilisha masomo. Akasomea uganga mu mji wa Jena, akapata udaktari mu 1897, akaanza kutumika mu kliniki ya wagonjwa wa akili ya mji ule ule. Mu 1911 alioa Ursula von Bülow, aliyekuwa akimsaidia mu kazi ya vipimo. Tangu 1919 yeye njo alikuwa mukubwa wa kliniki.

Miaka mingi alichimba fasi ambayo haikuwa na madini. Alipima namna damu inavyoingia mu ubongo. Alipima joto la ubongo. Hakupata cha kumtosha. Wenzake walimuona mutu wa saa: anafika kwa dakika ile ile, anazunguka vitanda, anasema kidogo. Wengi hawakujua kama kisha kazi ya siku anaingia mu chumba chake na mashini za kupima umeme.

Umeme ule haukuwa habari mupya kabisa. Mu 1875 munganga wa Uingereza, Richard Caton wa mji wa Liverpool, alishaonyesha kama ubongo wa wanyama unatoa umeme kidogo sana. Kwa mutu, kazi ilikuwa ingali. Berger alitafuta kwanza wagonjwa waliopasuliwa kichwa, wale waliobakia na fasi pasipo mfupa, juu mfupa unafunga njia ya umeme. Mu Julai 1924, kwa kijana wa miaka 17, alama ya mashini ilitikisika. Ilikuwa mara ya kwanza mutu kuona umeme wa ubongo wa mutu.

Wandugu, mufahamu ugumu wa ile kazi. Betri moja ndogo ya torchi iko na volti 1.5. Umeme wa ubongo, ukiupima juu ya ngozi ya kichwa, ile betri inaushinda mara maelfu makumi. Jicho likipepesa, moyo ukipiga, mashini inatikisika na kukudanganya. Berger alijua vile, na alikuwa mutu wa mashaka. Alirudilia miaka mitano. Alipima wagonjwa, alipima watu wazima, alijipima yeye mwenyewe, alipima mtoto wake Klaus. Mu 1929 tu njo alitangaza.

Alichokikuta ni hiki. Mutu akitulia na kufunga macho, mashini inaandika mawimbi makubwa, karibu 10 kwa kila sekonde. Aliyaita mawimbi ya alfa. Mutu akifungua macho, ao ukimpa hesabu ya kufanya mu kichwa, yale mawimbi yanapotea, na mawimbi madogo ya mbio yanabakia. Aliyaita beta. Muangalie vizuri: mutu hakutikisa hata kidole, hakusema neno, lakini karatasi inaonyesha kama mu kichwa chake kuna kitu kimebadilika. Aliona pia kama mutu akilazwa na dawa ya kloroformu mawimbi yanageuka, na kwa mwenye kifafa yanageuka kwa namna ingine. Kipimo kile njo tunaita leo elektroensefalogramu. Waganga wanasema tu EEG.

Mawazo yenye kusafiri kama telegramu, hakuyapata hata siku moja. Sisi wachimbaji hatushangae. Unafuata shaba, unakuta kobalti.

Watu wakubwa wa sayansi hawakumuamini. Walisema ni mitetemo ya nyama ya kichwa tu, ao ni makosa ya mashini. Miaka mitano ingine ikapita. Mu 1934, ku Cambridge mu Uingereza, Edgar Adrian, mwenye tuzo ya Nobel, pamoja na mwenzake Matthews, walipima wao wenyewe na kuonyesha kama Mujerumani yule alisema kweli. Mu 1937, mu mkutano mukubwa ku Paris, Berger alipokelewa kwa heshima. Alikuwa na miaka 64.

Sasa tunafika fasi ya giza, na hatutaipita pembeni.

Mu 1933 Hitler alikamata utawala. Mwaka ule ule walitoa sheria ya kuwaondolea uzazi kwa nguvu watu waliohesabiwa kuwa na ugonjwa wa kurithi: wagonjwa wa akili, wenye kifafa, vipofu, viziwi, hata walevi. Wanahistoria wanahesabu karibu watu 400 000 waliofanyiwa vile. Kulikuwa na mahakama za kukata yale maneno, na mu kila moja waganga walikaa pamoja na mwamuzi. Hans Berger hakuwa memba wa chama cha Hitler, lakini alichangia franga kwa kikosi cha SS, na alikaa mu mahakama ya juu ya Jena iliyosikiliza mambo ya kuondolewa uzazi. Watu walileta malalamiko yao pale wakitumaini kuokoka. Miaka mingi kisha vita, vitabu vilimuonyesha kama mutu aliyeteswa na Wanazi tu. Wanahistoria walipofungua makaratasi, hadithi ikageuka.

Ni ngumu kuelewa. Mutu aliyetumia maisha yake kutafuta kama mu kichwa cha mgonjwa kuna maisha, mutu ule ule alikaa ku meza iliyoamua maisha gani haifai kuzaa. Mashini yake ilikuwa na macho makali kumushinda yeye. Hii inatufundisha kitu sisi wa sendika: kipimo kizuri peke yake hakilinde mutu. Inaomba pia awepo mwenye kusimama upande wa mgonjwa.

Mu 1938 alipewa pansio. Ugonjwa wa huzuni nzito, uliokuwa umemsumbua tangu zamani, ulizidi. Tarehe 1 Juni 1941, ku Jena, alijiua. Alikuwa na miaka 68.

Kazi yake haikufa. Mu 1959, ku Paris, waganga Mollaret na Goulon waliandika juu ya wagonjwa ambao ubongo wao hautoe tena hata wimbi moja, mashini peke yake njo inawapumulisha. Pale njo waganga walianza kutenganisha vizuri mwenye kulala na mwenye ubongo uliokufa. Ubongo uliokufa haurudie. Tunaisema wazi, juu hatutaki kuuzia jamaa matumaini ya uongo.

Lakini kati ya wawili wale kuna wengine: wenye kupumua wenyewe, wanafungua macho, na hawajibu. Mu 2006, waganga wa Cambridge na wa Liège, kule Ubelgiji, walitangaza habari ya bibi mmoja wa miaka 23 aliyepata aksida ya barabara. Miezi mitano hakujibu kitu. Walimweka mu mashini kubwa inayoonyesha damu ikitembea mu ubongo, wakamuomba mu masikio awaze anacheza tenisi, kisha awaze anatembea mu vyumba vya nyumba yake. Ubongo wake ulifanya kazi sawa na ubongo wa mutu muzima. Alisikia, alielewa, alitii. Mwili njo ulikataa.

Mu 2024 waganga wa inchi mbalimbali walitoa hesabu ya wagonjwa 241 ambao, ku kitanda, hawakufuata amri hata moja. Wakawapima kwa ile mashini kubwa, ao kwa EEG, ao kwa zote mbili. Kwa 60 kati yao ubongo ulifuata amri. Ni mmoja kwa wanne. Watatu hawakujibu. Lakini mukumbuke pia: hata ubongo wa mutu muzima, mashini inaweza kukosa kuusikia. Mashini ikisema ndiyo, ni habari kubwa. Ikinyamaza, si hukumu.

Mutasema: mashini kama ile iko wapi huku kwetu? Ni kweli, si kila lupitalo iko nayo. Lakini kuna neno ingine la Liège. Mu 2009 walichunguza tena, kwa mikono na macho tu, bila mashini, wagonjwa 44 ambao waganga wao walisema hawajue kitu. Kwa 18 walikuta alama za akili. Kati ya vyombo vya uchunguzi ule kuna kioo, kama kitalatala ya nyumbani. Unakiweka mbele ya uso wa mgonjwa, ajione, unakisogeza polepole, kuume na kushoto, juu na chini. Macho yakifuata uso wake, na yakifuata tena na tena, ni alama. Na haifanyike siku moja tu, juu mgonjwa anaweza kuwa macho asubuhi na kupotea mangaribi.

Basi, kwa mwenzetu aliyelala, sendika inaomba jamaa wafanye hivi. Mumuongeleshe kwa jina, mumwambie ni siku gani, nani amefika. Maneno ya mali na ya maziko, muende kuyasema inje. Muandike mu daftari kila alama munayoona, na saa yake, mumpelekee munganga. Mumuulize kwa heshima: amechunguzwa mara ngapi, kwa njia gani, na kama EEG inaweza kupatikana. Na karatasi yoyote inayosema mwenzetu hana tena akili, mbele ya kutia sahihi, muite delege.

Mwenye kulala hawezi kuja ku mkutano wetu kuinua mukono. Sisi njo tutaenda kwake.