Mfalme na Vibao vya Kuandikia

Zamani, huko Ulaya, palikuwa na mfalme aliyeitwa Charlemagne, yaani Karolo Mkuu. Alianza kutawala mwaka 768. Alipigana vita vingi, na nchi yake ikawa kubwa sana. Sehemu kubwa ya nchi zinazoitwa leo Ufaransa na Ujerumani ilikuwa chini yake. Mwaka 800 Baba Mtakatifu alimvika taji la kaisari mjini Roma.

Lakini mtu huyu mkubwa hakujua kuandika.

Hakuwa mjinga. Alisema Kilatini vizuri kama lugha ya kwao. Alipokula chakula alisomewa vitabu, naye akasikiliza. Aliita walimu kutoka mbali. Mzee Petro wa mji wa Pisa alimfundisha sarufi. Alcuin wa Uingereza alimfundisha habari za nyota. Mambo ya kusikia na kusema aliyashika. Taabu ilikuwa mkono.

Mkono wake ulizoea upanga na hatamu za farasi. Sisi tunaofundisha kisomo tunaufahamu mkono wa namna hiyo. Umeshika jembe miaka 30, na sasa unaambiwa ushike kalamu. Unakaza mno. Macho yanaiona herufi, akili inaijua, lakini vidole vinakwenda njia yao. Tena mtu mzima hana nafasi ya mtoto. Akiinama juu ya daftari, anakumbuka shamba, anakumbuka deni. Mfalme alikumbuka vita.

Basi Charlemagne aliweka vibao na kurasa za ngozi chini ya mto wa kulalia. Usingizi wake ulikuwa wa kukatika. Aliamka mara 4 au 5 kila usiku. Alipopata nafasi kitandani, alitoa kibao akauzoeza mkono kuandika herufi.

Einhard, aliyeishi naye na kuandika habari zake, asema hakuendelea sana kwa sababu alianza amechelewa. Mimi naona Einhard alikuwa mkali kidogo. Yeye alifundishwa angali kijana, katika nyumba ya watawa.

Mwaka 789 mfalme aliagiza shule zifunguliwe kwa watawa na maaskofu, watoto wafundishwe kusoma. Wakati wa utawala wake, waandishi walieneza mwandiko mpya wa herufi ndogo, zilizo wazi, zisizochosha macho. Charlemagne alikufa mwaka 814. Herufi ndogo unazosoma katika ukurasa huu asili yake ni mwandiko ule.