Sinan, Fundi Aliyejua Kazi na Kujua Watu

Wako mabwana wajuao kuchora majengo kwenye karatasi, na wako manyapara wajuao kufokea watu. Aijuaye kazi na kuwajua watu pia ni adimu. Kwa maoni yangu, mmoja wao alikuwa Sinan, msanifu mkuu wa masultani wa Uturuki, ambaye misikiti yake ingali inasaliwa hata leo.

Alizaliwa kiasi cha mwaka 1490 katika kijiji cha Ağırnas, karibu na mji wa Kayseri, kwa wazazi Wakristo. Dola ya wakati ule ilikuwa na desturi ya kutwaa vijana kama yeye. Akasilimu, akafunzwa useremala, akatiwa katika kikosi cha Janissari. Alipigana Belgrade mwaka 1521 na Rhodes mwaka 1522. Mwaka 1538 jeshi lilikwama kwenye matope ya mto Prut, na Sinan akasimamisha daraja la mbao kwa siku 13. Haukupita muda akapewa usanifu mkuu. Alikishika cheo hicho kiasi cha miaka 50, chini ya masultani watatu, akajenga majengo zaidi ya 300.

Kazi iliyompima hasa ni msikiti wa Süleymaniye mjini Istanbul, uliojengwa kuanzia mwaka 1550 hadi 1557. Daftari za hesabu zake zimehifadhiwa. Zaidi ya nusu ya kazi ilifanywa na mafundi huru wa mshahara, Waislamu na Wakristo. Waliobaki wengi walikuwa vijana wa jeshini, na wachache watumwa wa merikebu. Tusipambe mambo: si wote waliokuja kwa hiari. Lakini siku za fundi na malipo yake ziliandikwa.

Mimi niliwahi kubeba karai katika jengo ambalo nyapara wake aliweka hesabu kichwani. Jumamosi ikifika, siku sita zilikuwa tano, na aliyeuliza aliambiwa Jumatatu asirudi. Ndiyo maana nazithamini daftari zile.

Uzeeni Sinan alimsimulia maisha yake rafiki yake mshairi, Sai Mustafa Çelebi. Humo mna kisa cha fitina. Sultan Suleiman aliambiwa kuwa kuba halitasimama na kwamba msanifu anazembea. Akaja kwa hasira, akamkumbusha yaliyompata msanifu wa babu wa baba yake, Sultan Mehmed, akataka kujua siku ya kumaliza. Sinan akajibu kuwa ni miezi miwili. Wakubwa wa ikulu wakadhani amerukwa na akili. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kazi ikaenda usiku na mchana, na muda ulipotimia akakabidhi ufunguo. Sultani akamrudishia, aufungue mlango yeye mwenyewe.

Funzo ninaloliona ni hili: ahadi ile haikuwa ya majivuno. Ilitoka kwa mtu aliyejua kazi iliyosalia na mafundi alionao.

Alipopita umri wa miaka 80 alikamilisha Selimiye mjini Edirne, kuba lake upana wa mita 31 hivi. Alifariki mwaka 1588, akazikwa katika kaburi dogo pembeni ya Süleymaniye. Mwanafunzi wake, Mehmed Aga, ndiye aliyejenga msikiti wa Sultan Ahmed kati ya 1609 na 1616. Basi kiongozi wa kazi hupimwa pia kwa mafundi anaowaacha nyuma. Mwenyezi Mungu amrehemu.