John Walter Gregory na Mawe ya Mombasa

Bonde la Ufa sote twalijua, lakini aliyelipa jina hilo je? John Walter Gregory alizaliwa London mwaka 1864. Shule aliiacha na miaka 15 akawa karani wa biashara ya sufu. Mchana kazi, usiku darasani, mpaka mwaka 1887 akaajiriwa makumbusho kuchambua visukuku.

Mwaka 1893 msafara mkubwa aliokuja nao Afrika ulivunjika. Angerudi kwao, nani angemlaumu? Yeye akaondoka Mombasa na wapagazi wake tu, akafika Baringo, akapanda hadi kwenye barafu ya Mlima Kenya, akarudi pwani mzima.

Sasa njooni kwetu. Nyumba za Mji wa Kale ni za mawe ya matumbawe, machanga sana. Lakini vuka Makupa uende Changamwe: huko mna tope lililoganda la zama za Jura, zaidi ya miaka milioni 150. Kutoka mawe ya Mombasa ya zama hizo, Mjerumani Hildebrandt alichukua amoniti, jamaa wa pweza wenye kombe la kujiviringa, zikaelezwa Berlin mwaka 1877. Kumbe bara hiyo ilikuwa bahari!

Na trilobiti, wale wa vipingili, jamaa wa mbali wa kaa? Msihangaike kuwatafuta hapo. Walitoweka miaka kama milioni 252 iliyopita, tope hilo bado halijatua.

Gregory alitoa kitabu kingine cha jiolojia yetu mwaka 1921. Alizama mto Urubamba, Peru, mwaka 1932, miaka 68, angali safarini kuchunguza mawe.