Macdonald, mpimaji aliyeichora Reli ya Uganda kabla haijajengwa

Miaka minne kabla ya chuma cha kwanza cha reli kulazwa Mombasa mwaka wa 1896, njia ya garimoshi kutoka Bahari ya Hindi hadi Ziwa Victoria ilikuwa imekwisha kuchorwa karatasini. Aliyeongoza kazi hiyo ni James Ronald Leslie Macdonald, kapteni katika kikosi cha wahandisi wa jeshi la Uingereza. Wakenya wengi wanamjua George Whitehouse aliyeijenga reli hiyo na John Patterson aliyewaua simba wa Tsavo. Wote wawili, hata hivyo, walimkuta Macdonald amewatangulia.

Alizaliwa India mwaka wa 1862, mwana wa daktari wa kijeshi kutoka Scotland, akasomeshwa Aberdeen, kisha akaingia chuo cha kijeshi cha Woolwich. Mwaka wa 1882 alipewa cheo cha uafisa na baadaye akarejea India, ambako alifanya kazi za reli katika milima ya kaskazini-magharibi. Huko ndiko alikojifunza kuipitisha reli mahali ambapo hata punda husitasita.

Kazi ya Afrika Mashariki ilimjia mwaka wa 1891. Mkutano wa Brussels wa mwaka wa 1890 ulikuwa umependekeza reli zijengwe barani ili kukomesha biashara ya watumwa. Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, chini ya William Mackinnon, nayo ilikuwa ikielekea kufilisika kwa gharama za kuishikilia Uganda. Kila kitu kilichokwenda Uganda kilibebwa kichwani na mpagazi, mzigo wa kilo 30 hivi, kwa safari ya miezi mitatu. Serikali ya London ikakubali kutoa pauni 20,000 ili njia ya reli ipimwe.

Macdonald aliondoka Mombasa Desemba 1891. Alikuwa na maafisa wenzake Pringle, Austin na Twining, wapimaji Wahindi wapatao 40, askari na mamia ya wapagazi. Mbele yao lilikuwepo jangwa la Taru, ambako maji ni ya kubahatisha. Baada ya hapo kulikuwa na nyika ya Tsavo na Ukambani, kisha ukuta wa Bonde la Ufa, na ng'ambo yake milima ya Mau.

Kupima njia ya reli si sawa na kupima shamba. Mtu anayetembea kwa miguu hupanda kilima bila kufikiri, ilhali garimoshi haliwezi. Mteremko ukizidi kidogo tu, injini hushindwa kuvuta mabehewa. Kwa hiyo, swali la mpimaji ni hili: kila mahali pako juu ya bahari kwa kiasi gani, na je, ipo njia ya kuzunguka? Wapimaji wa zama hizo walisoma pembe kwa theodolaiti na urefu wa nchi kwa baromita. Walichemsha hata maji, maana kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Usiku walitazama nyota ili kujua mahali walipo, na saa zao za majira zilitunzwa kama mboni za macho. Saa ikikosea dakika moja tu, ramani huhama zaidi ya kilomita 25.

Na hapa kazi ilikuwa ngumu kwelikweli. Kutoka usawa wa bahari, njia ilipaswa kupanda hadi zaidi ya mita 2,200 ukingoni mwa Bonde la Ufa, ishuke bondeni, ipande tena Mau hadi mita 2,500 hivi, kisha iteremke hadi ziwani, mita 1,134. Katikati ya mwaka wa 1892 wapimaji walilifikia ziwa. Hesabu ya Macdonald ilikuwa reli ya maili 657, sawa na kilomita 1,057, kwa gharama ya pauni 2,240,000. Kituo cha mwisho alikiweka Port Victoria, kwenye ghuba ya kaskazini-mashariki mwa ziwa, katika sehemu ambayo leo ni Kaunti ya Busia.

Ardhi hiyo yote ilikuwa na wenyewe. Agosti 1892, wapimaji wakirudi pwani, walifika ngome ya Fort Smith huko Kikuyu na kukuta ugomvi kati ya watu wa kampuni na Waiyaki wa Hinga. Waiyaki ni yule yule aliyekuwa amefanya mapatano ya urafiki na Lugard mwaka wa 1890. Sasa alikuwa amekamatwa ndani ya ngome baada ya mapambano, akiwa na jeraha kichwani. Iliamuliwa ahamishwe hadi pwani, naye akachukuliwa pamoja na msafara wa wapimaji. Hakufika pwani, kwani alifia Kibwezi mwezi Septemba. Wazungu waliandika kwamba aliuawa na jeraha lile. Masimulizi ya Wakikuyu yanashikilia kwamba alizikwa akiwa hai, kichwa kikitazama chini. Kibwezi imo njiani mwa reli hadi leo, na abiria wengi huipita bila kujua.

Macdonald mwenyewe aliagizwa kugeuka na kurudi Uganda, akachunguze vita vya Januari 1892 vya Mengo baina ya Wakatoliki na Waprotestanti, ambamo Lugard alikuwa mshiriki. Mwaka uliofuata, Gerald Portal alipoondoka, akamwachia yeye usimamizi wa nchi. Juni 1893 alimtia nguvuni Selim Bey, mkuu wa askari wa Kisudani, kwa hofu kwamba angeungana na Waislamu wa Buganda. Selim, aliyekuwa mgonjwa, alipelekwa uhamishoni akafia njiani Naivasha. Askari wake hawakusahau.

Deni hilo lilidaiwa mwaka wa 1897. Macdonald alirudi kwa safari ya siri kuelekea mto Nile, shabaha ikiwa ni kuwawahi Wafaransa waliokuwa wakiukaribia. Miongoni mwa askari aliopewa walikuwemo Wasudani waliochoshwa na vita vya mfululizo, mishahara midogo iliyocheleweshwa na kutenganishwa na wake zao. Septemba, karibu na Eldama Ravine, walimwasi. Huenda kamanda mwingine, asiyebeba kumbukumbu ya Selim Bey, angeweza kuzungumza nao. Walikwenda hadi ngome ya Lubwa huko Busoga, wakawaua maafisa watatu wa Kiingereza waliokuwa mikononi mwao. Desemba, katika kuizingira ngome hiyo, ndugu yake Macdonald, Luteni Norman Macdonald, aliuawa. Safari ya Nile ilichelewa hivi kwamba Septemba 1898 Kitchener ndiye aliyewakabili Wafaransa pale Fashoda, akitokea kaskazini. Macdonald alirudi na ramani za Karamoja na nchi za jirani badala ya ushindi.

Wakati huo reli ilikuwa ikijengwa. Kutoka Mombasa hadi Kikuyu, wajenzi waliifuata njia yake kwa sehemu kubwa. Magharibi ya Bonde la Ufa, wapimaji waliokuja baadaye waliiacha. Waliona kwamba bonde la Nyando lingewafikisha ziwani kwa njia fupi zaidi, nao wakachagua Kisumu, iliyoitwa Port Florence. Reli ilifika huko Desemba 1901 ikiwa na maili 582, pungufu ya makadirio ya Macdonald kwa maili 75. Gharama, kinyume chake, ilikuwa imepanda hadi takriban pauni milioni 5.5. Wabunge wa London waliokuwa wakiidhihaki reli hiyo tangu mwanzo walipata la kusema.

Jambo jingine lilitokea mara tu reli ilipokamilika. Kisumu ilikuwa ndani ya Uganda, lakini Aprili 1902 mpaka ulisogezwa na eneo lote kuanzia Naivasha likatiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo ndiyo Kenya. Reli ya Uganda ikajikuta haimo Uganda hata kidogo. Ilibidi kungoja hadi mwaka wa 1931 ndipo garimoshi lilipovuka mto Nile pale Jinja na kufika Kampala, kwa njia iliyopitia Eldoret na Tororo.

Macdonald hakuishi kuona hayo. Baada ya Afrika alisimamia reli za jeshi huko China, kisha mwaka wa 1903 na 1904 akaongoza majeshi ya Uingereza yaliyoingia Tibet, ambako mamia ya Watibeti wenye silaha duni waliuawa kwa bunduki za kisasa katika mapigano ya Guru. Alipewa cheo cha heshima, akawa meja-jenerali, akaongoza jeshi la Mauritius, na kufariki Uingereza mwaka wa 1927.

Port Victoria, mahali alipopachagua pawe mwisho wa reli, bado pana jina hilo. Pana wavuvi na soko la samaki, lakini reli haikufika kamwe.