Bernard Palissy, mufinyanzi aliyechoma meza zake

Bernard Palissy alizaliwa kusini-magharibi ya Ufaransa karibu mwaka wa 1510. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupaka rangi vioo vya madirisha. Alikaa katika muji wa Saintes, karibu na bahari, akaoa na kupata watoto. Siku moja akaona kikombe cha udongo cheupe, kinangʼaa sawa kioo. Tangu hapo hakutulia. Alitaka siri ya rangi ile, na hata kufinyanga alikuwa hajui.

Ilimuchukua miaka karibu 16. Alisaga madini, akapaka vigae, akavitia kwenye tanuru, vikatoka bure. Feza zikaisha. Serkali ikamupa kazi ya kupima mabwawa ya chumvi ya pwani ile, juu ya kodi. Kisha kulipwa tu, akarudia tanuru. Siku moja kuni zilikwisha moto ukiwa bado unahitajika: alichoma nguzo za bustani, halafu meza na mbao za sakafu. Majirani wakasema ana wazimu. Bibi yake alimugombeza, na haki ilikuwa yake, watoto wanataka kula.

Mwishowe alifaulu. Katika rangi zake kulikuwa madini ya risasi, bati, shaba, chuma, muchanga, na pia majivu ya majani yanayoota kwenye chumvi ya bahari. Majivu hayo yanasaidia muchanga uyeyuke. Juu ya sahani zake kuna samaki, nyoka, vyura na makombe, zile nyumba za konokono wa baharini. Hakuwachonga: alipiga chapa ya wanyama wenyewe.

Makombe mengine aliyakuta ndani ya mawe, mbali na bahari. Akafundisha Paris kwamba yalikuwa viumbe wa kweli waliogeuka mawe. Wasomi walimusikiliza, yeye asiyejua Kilatini, na mwaka wa 1580 akatoa kitabu.

Palissy alikuwa Muprotestanti wakati wa vita vya dini. Alipofungwa mara ya kwanza, wakubwa waliopenda kazi yake walimutoa. Catherine de Médicis, mama ya mufalme, akamupa kazi kwenye jumba la Tuileries. Mwaka wa 1588 alikamatwa tena, muzee wa miaka karibu 80. Alikataa kuacha dini yake, akafia ndani ya gereza la Bastille. Karne nne kisha, wachimbaji walikuta mabaki ya karakana yake chini ya ardhi, karibu na jumba la Louvre.