Williamson wa Mwadui: aliacha mgodi, hakuacha mtoto

Ukitoka Mwanza kwenda Shinyanga, ukifika Maganzo uko jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, ambao wazee wengi bado wanauita mgodi wa Williamson. Huyo Williamson alikuwa nani, na mali yake ilienda kwa nani?

John Williamson alizaliwa mwaka 1907 huko Montfort, jimbo la Quebec, nchini Kanada. Katika Chuo Kikuu cha McGill alianza na sheria, akahamia jiolojia, na mwaka 1933 akapata shahada ya udaktari. Ndiyo maana aliitwa Dokta, ingawa hakutibu mtu. Alifanya kazi kwanza Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, kisha akaja Tanganyika kuajiriwa na kampuni iliyochimba almasi Mabuki. Kampuni ilipotaka kuufunga mgodi huo, yeye akaununua.

Miaka iliyofuata, msikilizaji wetu wa Nyarugusu ataielewa bila kufafanuliwa: malaria, fedha za kuunga unga, na mawe machache yasiyolipa gharama. Tofauti yake ilikuwa elimu. Almasi hupandishwa kutoka chini sana kupitia bomba la volkano ya kale, halafu mvua za miaka mingi husomba baadhi ya mawe na kuyapeleka mbali. Anayeokota jiwe kwenye mchanga bado hajafika lilikotoka. Williamson alilitafuta chimbuko lenyewe, na mwaka 1940 akalipata Mwadui. Wapo wanaosimulia kuwa jiwe la kwanza lilikuwa chini ya mbuyu. Bomba hilo lina ukubwa wa hekta 146 hivi, yaani zaidi ya ekari 350.

Wakili I. C. Chopra wa Mwanza, mwenye asili ya India, alimuunga mkono na kuwa mshirika wake. Kampuni kubwa ya De Beers iliutaka mgodi, Williamson akakataa kuuza. Alichokubali baadaye ni kuuza mawe kupitia soko lao.

Mwaka 1947 lilipatikana jiwe la waridi la karati 54.5. Kwa mizani ya wachimbaji wa dhahabu, hizo ni gramu 11 kasoro kidogo. Alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyeolewa mwaka huohuo, na baada ya kukatwa likabaki karati 23.6.

Hakuoa wala hakuacha mtoto. Kwa Wasukuma, ambao mji wa mtu huhesabiwa kwa watoto na ng'ombe, huyu alikuwa tajiri wa ajabu. Januari 1958 alifariki kwa saratani ya koo akiwa na miaka 50. Hisa zake ziliwaangukia ndugu zake, akiwemo Percy, na mwaka huohuo mgodi ukauzwa kwa De Beers na serikali ya kikoloni, nusu kwa nusu. Alichokikatalia maisha yake yote kilifanyika kabla mwaka haujaisha.

Baada ya uhuru mgodi ukataifishwa. Mwaka 1994 De Beers ikarudi na asilimia 75, na baadaye ikaja Petra. Oktoba 2022, jiwe lingine la waridi kutoka Mwadui, lililokatwa na kubaki karati 11.15, liliuzwa kwa mnada Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 57. Lilipewa jina la Williamson.