Adrien Atiman wa Karema: Daktari Aliyeishi Katikati ya Vita



Kila vita vinapozuka, iwe Ukraine, Gaza au hapo ng'ambo ya ziwa kwa ndugu zetu wa Congo, simu zetu zinajaa unabii. Klipu moja inasema Gogu na Magogu wameshaingia uwanjani. Nyingine imepiga hesabu za kitabu cha Ufunuo mpaka ikapata mwezi na tarehe. Kuna anayeogopa hadi anakosa usingizi, na kuna anayecheka tu na kupita. Leo tumwangalie mtu wa huku kwetu Katavi, ambaye vita vilimkamata yeye mwenyewe angali mtoto.

Adrien Atiman alizaliwa kama mwaka 1866 karibu na mto Niger, upande wa Timbuktu, katika nchi tunayoiita leo Mali. Alikuwa bado mdogo wateka watumwa walipomnyakua. Akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Hebu fikiria: mtoto wa rika la darasa la tatu au la nne, hana baba, hana mama, na bei yake inapangwa sokoni. Mwaka 1876, huko Algeria, wamisionari wa Shirika la Mapadre Weupe wakamkomboa.

Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu wa Algiers, Lavigerie, ambaye baadaye alikuwa Kardinali. Yeye aliona kwamba Waafrika waliokombolewa wanaweza kusoma udaktari, kisha wakarudi Afrika kuponya na kufundisha dini. Atiman akapelekwa kisiwa cha Malta mwaka 1881, akasomea udaktari huko. Mwaka 1888 akaanza safari ya kuja huku, na mwaka 1889 akafika Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Karema ilikuwa na boma lililojengwa na Wabelgiji, ambalo Mapadre walikabidhiwa mwaka 1885. Hakuondoka tena. Alikaa hapo miaka 67.

Sasa angalia alifika wakati gani. Misafara ya watumwa ilikuwa bado inavuka ziwa, vijiji vinachomwa, watoto wanafungwa kamba. Ng'ambo ya pili, Mpala, Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, alikuwa anawalinda watu kwa bunduki dhidi ya wateka watumwa. Miaka hiyohiyo sotoka iliua ng'ombe Afrika Mashariki yote, ndui ikaua watu, na baadaye malale yakaingia pwani za ziwa. Ukisoma Ufunuo sura ya 6, wale wapanda farasi wanaoleta vita, njaa na mauti, ungesema basi, wamefika Karema. Mtu akitaka sababu za kutangaza mwisho wa dunia, alikuwa nazo kuliko sisi.

Atiman alifungua dawa. Alifunga vidonda, alichanja watu, alipasua palipohitaji kupasuliwa. Elimu ya Malta aliichanganya na dawa za miti shamba alizojifunza hukuhuku. Na akiisha kutibu, alikuwa katekista: anafundisha sala, anaandaa watu kwa ubatizo. Akamwoa Agnes Wansahira, binti wa chifu wa Wabende, na mtoto wao Joseph akawa padre. Yaani mtoto aliyeuzwa kama mzigo akawa baba wa padre!

Halafu vita vikarudi, safari hii vya wazungu. Mwaka 1914 Vita Kuu ya Kwanza ilianza, na ziwa letu likawa uwanja wa mapigano. Wajerumani walikuwa na meli kubwa yenye mizinga, Graf von Götzen. Julai 1916, walipozidiwa, waliizamisha wenyewe. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina tunalolijua wote: Liemba. Meli ya vita ikawa meli ya kubeba abiria, mahindi na dagaa. Isaya sura ya 2 aliona panga zikifuliwa kuwa majembe. Sisemi kwamba alitabiri Liemba, jamani! Ila unabii ule unatuonyesha Mungu anataka chuma kifanye kazi gani.

Atiman aliishi mpaka akaiona Vita Kuu ya Pili ikianza na kwisha. Alifariki mwaka 1956 na akazikwa hapo Karema.

Tunapata nini hapa? Mathayo sura ya 24, Yesu anawaambia wanafunzi watasikia habari za vita, lakini wasitishike, maana ule mwisho bado. Hayo ni mwanzo wa utungu. Wengi tunasikia neno vita na kuruka neno wasitishike. Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa hukohuko Algeria, aliishi wakati Roma ilipotekwa mwaka 410, na mwaka 430 akafa mji wake wa Hippo ukiwa umezingirwa na jeshi. Yeye pia alikataa kupiga hesabu za siku ya mwisho. Unabii hatukupewa ili tuwe na taarifa ambazo wenzetu hawana. Tulipewa ili tujue la kufanya.

Na upo unabii mwingine, Isaya sura ya 61, ambao Yesu aliusoma katika sinagogi la Nazareti na kusema umetimia: wafungwa kufunguliwa, waliovunjika moyo kufungwa majeraha. Huo ndio ninaouona nikisoma maisha ya Atiman. Alifunguliwa, kisha akafunga majeraha ya wengine.

Katavi tunajua vita si hadithi. Katumba na Mishamo kuna familia zilizokimbia Burundi tangu mauaji ya mwaka 1972, na wengine wenu mnaosoma hapa ni wajukuu wao. Kumwambia mama aliyekimbia na mtoto mgongoni kwamba mateso yake ni dalili namba tano ya mwisho, bila kumpa hata maji, huko si kuamini Biblia. Huko ni kumpita, kama yule kuhani katika mfano wa Msamaria Mwema.

Basi wiki hii, ukiletewa klipu ya unabii wa vita, usiisambaze kwanza. Sali fumbo moja la Rozari kwa ajili ya watu wa mahali palipotajwa, kisha tafuta mtu mmoja karibu yako mwenye jeraha, mgonjwa, mgeni au mfiwa, umtembelee.

Ee Bwana, uliyemtoa Atiman utumwani na kumfanya mponyaji, utuondolee hofu, utupe mikono ya kazi mpaka siku utakayorudi. Amina.